Land Cruiser mkonga haliwaki, linachemsha, linavuja: kutafuta chanzo nyumbani kwa spana za kawaida

Pampu ya nozeli (ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, zinazoinyunyiza ndani ya injini) niliyoilipia bure ndiyo iliyonifundisha kutengeneza gari nyumbani. Gari lilikuwa gumu kuwaka asubuhi. Gereji moja ikaniambia pampu imekwisha. Ikafunguliwa, ikapelekwa kwa watu wa pampu, ikarudi, nikalipa. Wiki iliyofuata gari likarudia tabia yake ile ile. Ubovu ulikuwa kipande cha mpira wa dizeli, urefu wake hauzidi kiganja, kilichopasuka chini ya klipu. Dukani mpira huo ni bei ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo sinunui spea kabla ya kupima, na napima kwa kufuata bei: kinachoweza kuharibika kwa hela ndogo ndicho ninachokishuku kwanza.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser HZJ75, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Injini ni 1HZ: dizeli, silinda sita, cc 4,164, haina turbo, na pampu yake ya nozeli haijui kompyuta. Ilianza kufungwa kwenye gari hili mwaka 1990. Mwaka 1999 zikaja HZJ78 na HZJ79 zenye koili springi mbele, lakini upande wa injini karibu yote ninayoeleza yanazihusu na hizo.

Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye debe moja. Ringi spana za 8 hadi 24, seti ya soketi za nusu inchi, multimita ya bei ya chini kabisa, jeki ya chupa ya tani tano, stendi mbili, nyundo, kipande cha fimbo ya shaba cha kugongea bila kujeruhi chuma, na nusu mita ya mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Bomba la maji la chuma la mita moja nalivalisha kwenye mkono wa spana pale nati inapogoma. Seti za bei rahisi si mbaya, ila soketi za 12, 14, 17 na 19 nunua nzuri, zenye pembe sita badala ya kumi na mbili, maana ndizo utakazoshika kila siku na ndizo zinazokula vichwa vya bolti. Kifaa kimoja cha pekee ni soketi ya 54 ya nati za bering za magurudumu ya mbele. Hiyo azima, au changeni watu watatu wenye magari ya aina hii. Kuna wanaozizungusha nati hizo kwa tindo na nyundo. Nati iliyopigwa tindo inajionyesha yenyewe, na bering yake huwa imekazwa kwa kubahatisha.

Na matofali, hapana. Tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya, linapasuka tu. Gari likiinuliwa, liwe juu ya stendi, na tairi la akiba lilazwe chini ya chesisi.

Stata inalia "ka", halafu kimya

Weka multimita kwenye nguzo za betri, mtu mwingine apige stata. Betri iliyoshiba ikiwa imepumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati wa kupiga stata, mshukiwa ni betri. Volti zikibaki juu kwenye nguzo huku kila kitu kikizimika, angalia vichwa vya waya kama vimeota ule unga wa kijani na mweupe. Mwagia maji ya moto, sugua, kaza, jaribu tena. (Baadhi ya magari haya yaliyotoka moja kwa moja Japani ni ya volti 24. Hapo zidisha namba zangu mara mbili.)

Vichwa vikiwa safi, volti zinabaki 12 na kitu, na stata inalia "ka" tu, umeme hauvuki kuingia kwenye mota. Usikimbilie stata nzima ya mtumba. Fungua kifuniko cha solenoidi yake, ile swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata. Ndani kuna vipande viwili vya shaba ambavyo kisahani huvigonga ili umeme upite. Vinalika, hasa cha upande wa betri, mpaka kisahani hakivifikii sawasawa. Vipande vipya vinauzwa peke yake. Ng'oa kwanza waya wa hasi wa betri, kwa kuwa waya mnene wa stata hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi utaona cheche ambazo hutazisahau. Wapo wanaoigonga stata kwa nyundo ikakubali. Inakubali kweli, siku mbili tatu, halafu inakuacha Dumila saa tatu usiku.

Stata inazungusha vizuri, injini haitaki

Mtume mtu asimame nyuma aangalie eksozi wakati unapiga stata. Swali ni moja: kuna moshi au hakuna?

Ikiwa hakuna hata kidogo, dizeli haifiki kwenye nozeli. Fungua swichi bila kupiga stata na sikiliza kwenye pampu ya nozeli: solenoidi ya kukata mafuta inatakiwa ilie "tik". Ikiwa kimya, pima umeme kwenye waya wake. Umeme upo na bado kimya, solenoidi imekufa. Umeme haupo, rudi kwenye fyuzi na swichi. Ikilia, nenda kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, ibonyeze. Baada ya mabonyezo kadhaa inatakiwa iwe ngumu. Ikibaki laini kama puto, mfumo umeingiza hewa au tangi ni tupu. Usicheke, geji ya tangi ya gari la miaka thelathini si ya kuapia.

Hewa ndiyo iliyokula hela yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kutoka tangini hadi kwenye pampu ya nozeli, dizeli haisukumwi, inanyonywa. Mpira ukipasuka, injini inapounguruma hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Ukiutazama ni mkavu. Fundi anatafuta tone, halioni, analaumu pampu. Gari likilala, hewa inapenya polepole, dizeli inateremka kurudi tangini kwa uzito wake, na asubuhi unapiga stata mpaka majirani wanaamka. Mchana kutwa, likishawaka mara moja, halina shida.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Leo liegeshe pua ikielekea mlimani, kesho pua ikielekea bondeni. Likigoma asubuhi ya kwanza na kuwaka papo hapo ya pili, dizeli inarudi nyuma na kuna tundu mahali. Jaribio la pili ni ule mpira wa plastiki: uunge mahali pa mpira unaoingia kwenye pampu, washa, tazama. Mapovu madogo yanayopita mfululizo ni hewa. Kisha uhamishe kabla ya filta. Mapovu yakiwepo hata hapo, tundu liko kati ya hapo na tangi. Yasipokuwepo, ubovu uko kwenye filta yenyewe: pete yake ya mpira, pampu ya mkono ambayo utando wake umechoka, au oringi ya kile kitambuzi cha maji kinachofungwa chini ya filta. Hicho cha mwisho husahaulika kwa sababu kinahamishwa kutoka filta ya zamani kwenda mpya, na oringi yake inabaki ile ile mwaka baada ya mwaka.

Ukiwa bado huamini, ning'iniza galoni safi la dizeli juu kuliko injini, mpira uteremke moja kwa moja hadi kwenye pampu, na filta ndogo ya plastiki katikati. Gari likiwaka na kutulia, pampu ni nzima. Jaribio hilo ni la nusu saa, na mimi niliambiwa habari zake baada ya kulipa.

Kukiwa na moshi mweupe unaowasha macho, dizeli inafika lakini haiungui. Asubuhi ya baridi ya Juni kule Njombe au Makete, anza na hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha. Ondoa upau unaoziunganisha zote sita, pima kila moja kati ya ncha yake na bodi ya injini. Nzima husoma chini ya omu moja. Iliyokufa haisomi kitu. Multimita ya bei rahisi ina ukinzani kwenye waya zake yenyewe, kwa hiyo gusanisha ncha zake kwanza, ona inasoma ngapi, upunguze hiyo. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwenye upau wakati taa ya koili (ya hizo plagi) inawaka dashibodi; usipofika, mshukiwa ni relei. Mtu wa Tanga anaweza kuendesha miezi na plagi mbili zimekufa asijue, mpaka apande Lushoto akalale huko kwenye baridi.

Mlimani linakufa nguvu

Nasema hili bila aibu: kwanza mtu akanyage mafuta hadi mwisho, na wewe angalia kama mkono wa pampu unafika kwenye kikomo chake. Kebo iliyovutika au kapeti lililojikunja chini ya pedali vimeshapeleka magari kwa watu wa pampu. Pili, endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake imekamata na injini haina kosa.

Baada ya hapo, sikiliza jinsi nguvu inavyopungua. Tambarare gari zuri, ukiingia mlima wa Kitonga linachoka taratibu, ukisimama dakika mbili linapata uhai, kisha linachoka tena: hiyo ni njaa ya dizeli. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta pumzi kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Angalia pampu ya mkono mara tu baada ya mlima. Kitufe kikiwa kimenyonywa chini, filta imeziba au kuna uchafu kwenye bomba la kunyonya ndani ya tangi. Kabla ya kutupa filta, legeza nati ya chini umwage kwenye chupa safi, uiache itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Anayenunua dizeli ya madumu njiani afanye hivyo kila mwezi.

Nguvu kupungua pamoja na moshi mweusi ni habari nyingine: dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi. Toa filta ya hewa, endesha mita mia mbili tu bila hiyo kwenye lami isiyo na vumbi. Moshi ukipungua, jibu umelipata. Ukibaki, nozeli zinatoa matone badala ya ukungu, na hizo zipimwe kwenye mashine.

Hapo hapo, chunguza mkonga wenyewe. Chukua kitambaa cheupe, fungua bomba kati ya chombo cha filta na injini, futa kwa ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, liegeshe gari mpaka ujue linapoingilia, kwa sababu vumbi hilo linasaga ringi za pistoni, na moshi wa bluu wa miezi inayofuata ndio risiti yake. Mara nyingi ni maungio ya mkonga na bodi, pale mpira ulipokauka ukapasuka. Mkonga ulioachia pale hauzuii maji wala vumbi. Ni pambo.

Linachemsha

Kabla ya kugusa kitu, jiulize linachemsha wakati gani. Kwenye foleni linapanda, ukitoka barabara kubwa linashuka: upepo hautoshi, tafuta kwenye feni. Kwenye foleni zuri, kwenye mwendo wa 90 au mlima mrefu linapanda: maji hayazunguki vya kutosha, tafuta kwenye rejeta, mipira na temostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto. Swali hilo moja limeniokolea rejeta mbili.

Feni ya gari hili ina klachi yenye oili ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa kabisa, funguo mfukoni, izungushe kwa mkono. Inatakiwa ikuzuie. Ikizunguka bure mara tatu nne, oili imekwisha au imechoka. Wengi huitia bolti au kuichomelea ikazunguka moja kwa moja. Inapoza, kweli, ila inakula dizeli na unapovuka mto inaweza kujipinda mbele na kukata rejeta.

Upande wa maji, anza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi. Mpira wake ukiwa na mkunjo wa kudumu, badilisha; maji yasiyo na shinikizo huchemka mapema. Kisha mwenzako akanyage mafuta na wewe utazame mpira wa chini wa rejeta, kwani uliozeeka hujinyonya na kubana wenyewe. Kisha tope kwenye mapezi ya rejeta: lisukume kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, usilipige kutoka mbele ukalishindilia zaidi.

Temostati ina mjadala mrefu kwenye magereji yetu, maana fundi akiona gari linachemsha anaing'oa na kuitupa. Temostati hii ina kisahani cha chini ambacho, maji yakipata moto, hufunga njia ya mkato ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja rejeta, na mlimani unaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Ipime nyumbani: sufuria, maji, uzi wa kuining'iniza, jiko. Nyuzi zake zimechapwa juu yake. Isipofunguka kabisa mpaka maji yanatokota, hiyo imekufa, nunua nyingine.

Kuna jambo ambalo ni heri ulijue mapema. Injini ikiwa baridi asubuhi, washa, na baada ya dakika moja mbili ubonyeze mpira wa juu. Ukiwa umeshakuwa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata moto, au mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, shinikizo la silinda linaingia kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi imepasuka, jambo ambalo hedi za 1HZ hufanya zikichemshwa sana, hasa zilizoongezewa turbo. Hapo debe langu la vifaa linafikia kikomo.

Oili imetapakaa ndani ya tairi la mbele

Nyuma ya kila tairi la mbele kuna tufe la chuma. Ndani yake kuna CV jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona) na grisi nzito. Likianza kutoa uji mweusi mwepesi, oili ya difu (gia zilizo kwenye ekseli) imevuka sili ya ndani ya ekseli na kuchanganyika na grisi. Karibu kila mtu anaanza kwa kununua sili. Mimi naanza na kipumuo cha difu, kile kijikofia juu ya ekseli au mwisho wa mpira wake. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto hewa haina pa kutokea, inaisukuma oili kupitia sili, hata ziwe mpya. Kitoe, kioshe kwa dizeli, kipulize. Sawazisha na kiasi cha oili: fungua nati ya kujazia, ya 24, gari likiwa tambarare, oili isizidi mdomo wa tundu. Fungua ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia, siku zote. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikagoma, umejifunga nyumbani.

Uji ukiendelea baada ya hapo, basi ni sili, na ni kazi ya siku mbili kwa mara ya kwanza. Kitakachokushinda ni zile koni ndogo zinazobana bolti za hab (kitovu cha gurudumu). Hazitoki kwa kuvutwa. Legeza nati zibaki mwisho wa uzi, gonga ubavu wa hab na ncha za stadi kwa fimbo ya shaba, zitaruka zenyewe.

Usukani ukitetemeka kwenye 60 hadi 80, usinunue shokapu ya usukani kwanza. Hiyo huficha ugonjwa. Inua gurudumu, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie kijana akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukiisha, bering ya gurudumu imelegea. Ukibaki, ni bering za tufe, ile ya juu na ya chini. Kisha shika kushoto na kulia: hapo utaziona tairodi, zile fimbo za usukani, kama zimelegea. Matairi yenyewe na balansi yake nimeshayaangalia kabla ya yote haya, kwa kuwa tairi lililovimba linaonekana kwa macho.

Mengine kwa haraka

Kona ngumu kwenye lami na gia ya fo wili haitoki: gari hili halina difu ya kati, kwa hiyo magurudumu ya mbele na nyuma yamekazana. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, vuta mkono wa gia, utatoka.

"Kdang" unapoachia na kukanyaga mafuta: krosi za propela (maungio ya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), au pale shafti inapoteleza pamekosa grisi. Piga grisi kwanza, kisha ndiyo ulaumu krosi.

Oili ya gia boksi inapungua kila mwezi lakini chini hakuna hata tone: pima transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Oili yake ikiwa imezidi, sili iliyo kati yao imekwisha.

Pedali ya breki ngumu kama ubao: zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, washa. Ikishuka kidogo, servo (inayokusaidia kukanyaga kwa nguvu ya vakyumu) inafanya kazi. Isiposhuka, fuata mpira wa vakyumu. Ngoma ya nyuma ikiwa na oili ya difu, rudi kwenye kipumuo. Vumbi la viatu vya breki vya zamani usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Linaweza kuwa na asbesto. Lowesha, futa.

Taa ya T-BELT ikiwaka dashibodi, kwa kawaida kila kilomita 100,000, si kosa la waya. Belti ya taimingi ikikatika kwenye 1HZ, valvu zinagongana na pistoni. Na kama umenunua gari ambalo hujui belti yake ilibadilishwa lini, ichukulie kana kwamba taa imewaka leo.

Hedi, nozeli na pampu napeleka nje. Naandika kwenye karatasi nilichopima na kilichosoma, namkabidhi fundi, halafu naomba benchi nikae hapo hapo mpaka anaponirudishia kile cha zamani mkononi.